Umetundika daruga na unataka kuwa fizio? Soma hapa kwanza

Kila mwezi lazima nipate meseji mbili tatu za hivi: "Kaka nimestaafu soka, nataka niwe fizio kama wewe, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Mi nilicheza winga ya kulia miaka kumi na moja, goti la kushoto likakatika ligamenti mara mbili, nikaacha mpira nina miaka 30, nikaingia darasani na madogo ambao wakati mi nasaini mkataba wangu wa kwanza wao walikuwa bado wanajifunza kuandika kwa kalamu. Sasa niko mwaka wa tisa kazini kama fizio, yani mfiziotherapia, mtu wa kutibu viungo. Kwa hiyo sehemu ambazo mi mwenyewe ningependa kuambiwa mapema ndo nitakaa nazo, zile za fomu na tarehe utazipata ukipiga simu chuoni.

Kwanza, unaitaka kazi yenyewe au unataka tu kubaki kwenye mpira?

Hili swali wengi hawalipendi. Sisi wachezaji fizio tunayemjua ni yule wa timu. Anakaa benchi na begi lake, anakimbia uwanjani, anapuliza sprei, asubuhi anakufunga tepu, na kwenye meza yake ndo umbea wote wa kambini unapitia. Nusu ya wachezaji wanamwita dokta na yeye amechoka kuwasahihisha. Ukiangalia hivyo unasema hii naiweza, halafu bado nipo na timu, nasafiri, nakaa benchi, navaa traksuti.

Sasa hiyo ni kona ndogo sana ya fani. Chuoni hakuna atakayekufundisha mpira. Utapelekwa wodi ya wagonjwa wa kiharusi, utapelekwa ICU kusaidia watu kutoa makohozi kifuani, utapelekwa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, kwa bibi aliyevunjika nyonga anayetakiwa asimame siku ya pili tu baada ya operesheni huku analia. Wiki yangu ya kwanza wodini nilipewa mzee ambaye upande wake wa kushoto wote ulikuwa hausikii, kazi yangu ya siku nzima ilikuwa kumsaidia akae pembeni ya kitanda bila kuanguka. Dakika mbili tu za kukaa. Nilitoka pale nimelowa jasho kuliko mechi yoyote niliyowahi kucheza, na nilipomweka kwenye wilchea nikasahau kufunga breki, ikarudi nyuma, nesi ndo akaidaka kwa mguu. Mpaka leo mkono wangu unaenda kwenye breki kabla sijasalimia.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, omba ukae na fizio angalau siku mbili klabuni na siku mbili hospitali ya kawaida, ukiangalia tu. Ukitoka hospitali unajisikia "hapa pana kazi ya maana" endelea. Ukitoka unahesabu siku za kurudi klabuni, fikiria ukocha wa viungo, au skauti, au uchambuzi, kuna njia nyingi za kubaki kwenye mpira ambazo hazitakula miaka minne ya maisha yako.

Shule, na hapa usitafute njia ya mkato

Zamani iliwezekana kuingia kwa mlango wa nyuma. Bob Paisley aliichezea Liverpool mpaka 1954, akasoma fiziotherapia kwa njia ya posta, akawa ndo anatibu wachezaji pale pale klabuni, baadaye akawa kocha mkuu kuanzia 1974 na akabeba Kombe la Ulaya mara tatu, 1977, 1978 na 1981. Bertie Mee naye jeraha lilimkatisha mpira, akajifunza tiba hii jeshini, Arsenal wakamchukua kama fizio mwaka 1960 na 1966 wakampa timu kabisa, akachukua ligi na FA msimu mmoja, 1971. Stori tamu. Lakini ni za enzi zile, usizitumie kama ramani.

Siku hizi nchi nyingi jina "mfiziotherapia" linalindwa na sheria. Yani huwezi kujiita hivyo wala kutibu mtu mpaka uwe na shahada inayotambuliwa na umesajiliwa na baraza la nchi unayofanyia kazi. Shahada ni miaka mitatu mpaka minne kwa kawaida, na ndani yake kuna mazoezi ya vitendo hospitalini, Uingereza kwa mfano wanataka kama saa 1,000 za kushika wagonjwa chini ya msimamizi. Kama tayari una shahada ya kitu kingine cha sayansi, mfano sayansi ya michezo, kuna vyuo vina shahada ya uzamili ya miaka miwili inayokupeleka moja kwa moja kwenye usajili, ulizia hiyo maana inaokoa muda.

Kinachowakwamisha wengi wetu ni masomo ya sekondari. Tuliacha shule tukiwa na miaka kumi na sita tukafuata akademi, sasa chuo kinataka biolojia, na mara nyingi kemia na fizikia pia. Usikate tamaa na usinunue cheti. Tafuta kozi ya daraja ya mwaka mmoja ya watu wazima, au rudia hayo masomo jioni. Mi nilirudia biolojia nikiwa bado nacheza, nasoma kwenye basi la timu, wenzangu wanacheka, kipa wetu alikuwa ananiuliza maswali ya mitokondria kwa dharau, leo ananipigia simu kuhusu mgongo wake.

Na hapo ndo neno langu la pili, anza kabla hujastaafu. Miezi ya mwisho ya mkataba huwa ni kupiga simu kwa wakala na kusubiri, ule muda ndo wa kurudia biolojia. Kaulize pia chama chenu cha wachezaji, vyama vingi vina mfuko wa elimu na wachezaji hawaugusi kwa sababu hawaulizi. Chama cha wachezaji Uingereza kwa miaka mingi kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Salford na wastaafu wengi wamepita pale kusomea fiziotherapia. Richie Partridge alikulia Liverpool kama winga, akasoma pale Salford, akarudi Liverpool akiwa fizio. Paul Lake wa Manchester City goti lilimharibikia mwaka 1990, akahangaika nalo mpaka 1996 akaacha, naye akageukia fiziotherapia. Sio kwamba ni kitu cha ajabu, ni njia ambayo wengine wameshaipita.

Utaona matangazo ya kozi za wikiendi mbili unapewa cheti cha "mtaalamu wa majeraha ya michezo". Hizo kama unataka kujifunza kufunga tepu au masaji sawa, zitakusaidia, ila hazikufanyi kuwa fizio na siku mgonjwa akiumia mikononi mwako hakuna bima itakayokugusa.

Kusoma ukiwa na kichwa cha mtu mzima

Semesta ya kwanza anatomia itakupiga. Majina ni ya Kilatini, yako mamia, na madogo wa darasani wanayameza kama karanga. Mi nilifeli mtihani wa kwanza, nilipata 38.

Kilichoniokoa ni kuacha kusoma kama mwanafunzi nikaanza kusoma kama mchezaji. Nilikuwa nachukua peni ya alama najichora mwilini. Nyuma ya paja kuna misuli mitatu, tulikuwa tunaiita yote hamstringi tu tunamaliza, kumbe kila mmoja una jina na kazi: biceps femoris uko upande wa nje, semitendinosus na semimembranosus upande wa ndani. Kaa kwenye kiti, bana kisigino kwenye mguu wa kiti kama unakivuta nyuma, weka vidole nyuma ya goti, utashika kamba mbili, moja nje moja ndani. Ile ya nje ndo biceps, na ndo unaochanika mara nyingi mtu akiwa kwenye spidi kali. Ukishaushika kwa kidole chako huusahau tena. Kila jeraha nililowahi kupata nililigeuza kuwa mada, nikasoma misuli ya pale, neva ya pale, mshipa wa damu wa pale. Nilikuwa na majeraha mengi kwa hiyo nilimaliza nusu ya kitabu hivyo.

Ratiba pia. Mwili wetu umezoea mazoezi mafupi yenye nguvu halafu kupumzika, kwa hiyo nilisoma dakika arobaini nakaa pembeni kumi, asubuhi mapema muda ule ule wa mazoezi. Usijaribu kukesha kama madogo, hukuzoea na hutaweza.

Na tafuta kadogo kamoja darasani kanakojua kusoma ukae nako. Kenyewe katakufundisha fiziolojia, wewe utakaonyesha jinsi ya kumshika mtu bila kuogopa, maana kwenye vitendo utashangaa, wenye GPA kubwa wengi mikono inatetemeka kumgusa mtu, sisi tumeshikwa shikwa miaka yote hatuna hiyo shida.

Goti lako ni goti moja tu

Hapa ndo sehemu niliyotaka kuandika hasa, hayo mengine yalikuwa ni kusafisha njia.

Watu watakwambia ukiwa mchezaji wa zamani una faida kubwa, unamwelewa mgonjwa. Kweli, mchezaji akikwambia goti "linatoka" unajua anamaanisha nini kabla hajamaliza sentensi, na ukimwambia mi nimepitia hii anakuamini haraka. Lakini faida hiyo hiyo ndo itakuangusha usipokuwa makini, kwa sababu utamtibu kila mtu kama vile ni wewe.

Mfano wangu wenyewe. Mwaka wa tatu, niko kliniki ya mazoezi kwa vitendo, kaja mama wa miaka hamsini hivi, ndama ya kulia inamuuma siku nne, anasema imekaza. Mi kusikia "imekaza" kichwa kimeshamaliza kazi. Ndama yangu imekaza mara mia, dawa ni kukandwa vizuri, kunyooshwa, kesho unakimbia. Nimeshamlaza, mafuta mkononi, nakaribia kuanza. Msimamizi wangu akapita, akauliza swali moja tu: "Mama, umesafiri karibuni au umefanyiwa operesheni yoyote?" Akasema ndio, wiki mbili zilizopita katolewa kibofu cha nyongo, tangu hapo anakaa sana kitandani. Msimamizi akaweka mgongo wa kiganja kwenye ndama ile, akaweka na kwenye nyingine. Ile ilikuwa ya moto. Akachukua futi kamba akapima zote mbili usawa mmoja, inayouma imezidi kwa zaidi ya sentimita tatu. Akaniambia kwa sauti ya chini funika mafuta. Mama akapelekwa kupigwa ultrasaundi siku ile ile, damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Donge likikatika likaenda kwenye mapafu mtu anakufa, na mi nilikuwa naenda kulikanda.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Tangu siku hiyo nina utaratibu na nakuomba uuchukue ulivyo. Kabla ya kumgusa mtu, maswali kwanza, na maswali yenyewe yanatafuta kile ambacho SIO msuli. Mgongo unauma? Muulize kama sehemu anayokalia, kule katikati ya mapaja, kuna ganzi, kama anashindwa kuzuia mkojo au haja au mkojo hautoki, kama miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Jibu likiwa ndio hata moja hapo hakuna mazoezi, ni hospitali leo, neva za chini ya uti wa mgongo zinabanwa na kila saa ina maana. Maumivu ya usiku yasiyotulia ukilala vyovyote, kupungua uzito bila sababu, homa, historia ya saratani, hivyo vyote uliza. Unaona aibu kuuliza mambo ya choo? Zoea. Mgonjwa akikuona umetulia na yeye anatulia.

Kitu kingine cha kuacha mlangoni ni ile "kaza wewe mwanaume". Tumelelewa humo. Mi nilipigwa sindano ya ganzi nikacheza na kifundo kilichovimba na nilijisifia. Mgonjwa wako wa kawaida akikwambia inauma hatafuti huruma wala hakwepi mazoezi, anakupa taarifa. Muulize inauma kiasi gani kati ya sifuri na kumi, inakaa muda gani baada ya zoezi, kesho asubuhi inakuwaje. Hizo taarifa ndo zitakwambia uongeze au upunguze.

Halafu kuna yale tuliyofanyiwa sisi tukaamini ndo sayansi. Nilirudi uwanjani miezi sita baada ya operesheni ya kwanza ya ACL, ile ligamenti ya ndani ya goti, daktari alisema sawa, kocha alifurahi, mi nilifurahi zaidi. Mwezi wa nane likakatika tena. Chuoni ndo nikakutana na utafiti unaoonyesha kwamba kila mwezi unaochelewesha kurudi mpaka kufika miezi tisa, hatari ya kuumia goti tena inashuka kwa karibu nusu. Nilikaa na ile karatasi maktaba muda mrefu. Sasa hivi mtu wangu wa ACL habanduki kabla ya miezi tisa, na kalenda peke yake haitoshi, paja la mguu ulioumia linatakiwa lifikishe angalau asilimia 90 ya nguvu ya mguu usioumia, na kuruka kwa mguu mmoja vile vile, aruke mbele, aruke mara tatu mfululizo, tunapima kwa futi. Mchezaji atakwambia najisikia fiti kabisa. Najua unajisikia, na mi nilijisikia.

Hata barafu. Miaka yote tuliambiwa pumzisha, weka barafu, bana, inua. Ile fomula ya pumziko na barafu ilitoka 1978 kwa daktari wa Kimarekani Gabe Mirkin, na yeye mwenyewe baadaye alikuja kusema barafu na pumziko la muda mrefu vinaweza kuchelewesha kupona. Siku hizi tunalinda jeraha siku moja hadi tatu, tunabana na kuinua, halafu mapema inavyowezekana tunaanza kuliwekea uzito kidogo kidogo. Barafu natumia bado kutuliza maumivu, sio dini.

Tufanye mfano mmoja, kifundo cha mguu

Maana hili ndo jeraha utakalokutana nalo kila wikiendi ukifanya kazi na timu. Mtu katua vibaya, mguu umeingia ndani, yuko chini anapiga nyasi kwa kiganja.

Usimnyanyue. Jambo la kwanza unaangalia uso wake na kupumua kwake huku unatembea kuelekea kwake, umesikia, kutembea haraka, usikimbie kama kichaa. Fizio wa England Gary Lewin, ambaye naye alianza kama kipa kijana Arsenal, kwenye Kombe la Dunia 2014 aliruka kushangilia bao la Sturridge dhidi ya Italia akakanyaga chupa ya maji, kifundo kikateguka, fizio mwenyewe akatolewa kwa machela. Kwa hiyo angalia na unapokanyaga.

Ukifika muulize aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma. Kidole kimoja, sio kiganja kizima. Vua kiatu taratibu, linganisha na mguu mwingine. Kisha tumia kanuni za Ottawa, zilitengenezwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mpaka leo ni dhahabu. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa nje wa kifundo, kuanzia ncha yake ya chini kupanda sentimita sita. Rudia mfupa wa ndani hivyo hivyo. Kisha bonyeza kile kinundu cha mfupa kilichoko katikati ya upande wa nje wa mguu, chini ya kidole kidogo kuelekea nyuma, na mfupa ulio juu ya upinde wa mguu upande wa ndani. Angalia nasema mfupa, maana nyama ya mbele ya mfupa wa nje itauma tu, pale ndo ligamenti ilipochanika, maumivu ya pale peke yake hayakupeleki eksirei. Ukibonyeza mfupa wenyewe akaruka, eksirei. Mwisho, hatua nne. Hata akichechemea sawa, ila akishindwa kukanyaga hatua nne, pale uwanjani na hata baadaye unapompima tena, eksirei.

Kama yote ni safi, bandeji, inua mguu, na kesho yake anza kuchezesha kifundo juu chini bila uzito. Siku chache baadaye asimame kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi akishika ukuta, halafu bila ukuta, halafu macho yamefumbwa. Wengi wanaruka hii ya kusimama kwa mguu mmoja kwa sababu inaonekana ya kitoto, uvimbe umeisha, wanarudi kucheza, wiki ya tatu kifundo kile kile. Kile kifundo kimesahau kujua kiko wapi, lazima ukifundishe upya.

Kuzuia pia ni kazi yako, na ndo kazi isiyoonekana. Ile programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ ni dakika ishirini tu na inapunguza majeraha kweli, na lile zoezi la kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo huku unajishusha mbele polepole linapunguza kuchanika kwa hamstringi kwa takriban nusu. Wachezaji watanung'unika. Wewe si ulikuwa unanung'unika?

Na moyo. Hakikisha cheti chako cha kuokoa maisha hakijaisha muda na unajua mashine ya kushtua moyo imewekwa wapi kabla mechi haijaanza, sio imefungiwa ofisini kwa mtu aliyeenda kula. Tarehe 12 Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani Copenhagen bila kuguswa na mtu, walimwokoa kwa sababu kila mtu alijua nafasi yake. Mtu kaanguka peke yake, haitikii, hapumui kawaida, ni kukandamiza kifua sentimita tano hadi sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mashine ije. Hapo hakuna kuuliza kocha.

Kocha, na begi la siri

Ukirudi kwenye timu kama fizio utakuta baadhi ni wachezaji uliocheza nao. Watakuambia mambo. "Nimeumia ila usimwambie kocha nina mkataba mwezi ujao." Hapa lazima uamue mapema na uwaambie wote siku ya kwanza: taarifa za mwili wako ni zako, sitazitoa kwa waandishi wala kwa wakala wala kwa mchezaji mwenzako, lakini kama hufai kucheza nitamwambia kocha hafai, bila kutaja zaidi ya unachokubali. Andika kila kitu, siku ile ile: alichosema yeye, ulichokuta wewe, unachofikiri, unachofanya. Mistari minne inatosha. Siku ukiulizwa kwa nini, hiyo mistari ndo wakili wako.

Kocha atakuuliza kitu kimoja tu maisha yako yote: "Jumamosi yupo?" Usijibu ndio au hapana haraka. Mi huwa najibu kwa vipimo, "paja liko asilimia 80, likifika 90 namruhusu, Jumatano napima tena." Kocha anapenda namba kuliko anavyopenda hapana. Agosti 2015 daktari wa Chelsea Eva Carneiro na fizio Jon Fearn waliingia uwanjani kumtibu mchezaji wao Hazard baada ya mwamuzi kuwaita, timu ilikuwa tayari pungufu, kocha Mourinho akawasema hadharani, daktari akaondoka klabuni na shauri lilifika mpaka mahakama ya kazi, Juni 2016 wakamalizana na klabu ikamwomba radhi. Wale walifanya kazi yao. Mwamuzi akikuita unaingia, matokeo ni ya kocha, mgonjwa ni wako. Kichwa kikigongwa na una wasiwasi wa mtikisiko wa ubongo anatoka, harudi mechi ile, hata kama ni fainali na amebaki yeye wa kupiga penati.

Ajira na hela, kwa kifupi

Nafasi za klabu ni chache na mishahara ya mwanzo sio ya mchezaji, jipange miaka miwili ya kuishi chini kuliko ulivyozoea, uza gari kubwa mapema kabla halijakuuza. Kazi ya kwanza nakushauri chukua hospitali ya kawaida, zungushwa idara zote, klabu baadaye. Nimeona mastaafu walioenda moja kwa moja klabuni wakaja kugundua miaka mitano imepita wanajua misuli ya paja na kifundo tu. Ukifungua kliniki yako usiweke jezi zako ukuta mzima, weka moja, mgonjwa wa kiharusi haimhusu ulifunga mangapi. Na kwa ya mpira yenyewe, FIFA wana diploma ya tiba ya soka ya bure mtandaoni, ifanye ukiwa mwaka wa mwisho, haikupi leseni ila inakunoa.

Wiki hii ufanye nini

Tafuta namba za mafizio watano, wawili wa klabu watatu wa hospitali, watumie hii, badilisha unapotaka:

"Habari za kazi. Naitwa fulani, nimecheza soka la kulipwa na sasa najiandaa kusomea fiziotherapia. Naomba nije nikae nawe siku mbili nikiangalia kazi, sitagusa mgonjwa wala kupiga picha. Siku yoyote utakayopanga nitakuja, hata saa kumi na mbili asubuhi. Asante."

Hiyo ya kutogusa na kutopiga picha usiitoe, ndo inayofanya wakujibu. Watatu hawatajibu, mmoja atasema subiri mwezi ujao, mmoja atakwambia njoo kesho. Ukienda vaa viatu vilivyofungwa, kata kucha, simu zima, na daftari dogo la mfukoni, jioni andika maswali yote ambayo yule fizio aliuliza kabla hajamgusa mtu.